Kitu kinachooza chenyewe kinaweza kuleta aleji ya ngozi? Na bila wanyama wanapimaje?

#1 MamaMgomba

Wakuu, habari za jioni.

Sisi ni akina mama 11 huku Kibosho, Moshi, tunatengeneza pedi kwa nyuzi za mgomba. Mkungu ukishakatwa, shina tunalichambua gamba kwa gamba, tunaparua kwa kisu butu mpaka zinabaki nyuzi, tunachemsha na kostiki kidogo, tunasuuza, tunaanika, kisha tunatwanga kwenye kinu hadi ziwe laini kama sufi. Juu tunaweka kitambaa cha pamba, chini ile nailoni nyembamba inayotengenezwa kwa wanga wa mahindi, pembeni gundi. Tulifukia 6 nyuma ya zizi tuone kama kweli zinaoza. Baada ya miezi minne tulikuta mistari ya gundi tu, mengine yote udongo.

Nina mambo mawili. Kuna mnunuzi Ujerumani amezipenda, ila anataka karatasi ya maabara inayoonyesha hazileti aleji ya ngozi, na ameandika kwa herufi kubwa kwamba hataki zijaribiwe kwa mnyama yeyote. La pili, tuliwapa wanawake 40 wa hapa kijijini wajaribu, 3 wakatoka upele. Mume wangu anasema kitu cha asili hakileti aleji, hao watatu wana fangasi zao. Mimi roho haijatulia.

Wenye kujua, mume yuko sahihi? Na bila panya wanampima nani?

#2 Kipara_Mbezi

Mumeo azivae wiki moja kwanza ndiyo atoe ushauri.

#3 Mzee_wa_Shamba

Mume yuko sahihi kabisa. Tumekua tukila kwenye majani ya mgomba, tumelalia majani ya mgomba, na hakuna aliyewahi kujikuna. Aleji zimekuja na makemikali ya viwandani. Huyo mnunuzi anakuzungusha tu, karatasi ni kisingizio cha kushusha bei.

#4 Mkoroshoni

Mzee wa Shamba, shikamoo. Njoo Newala nikupe ganda bichi la korosho ulitafune, halafu tuongee habari ya asili.

Ganda la korosho lina kuta mbili, katikati yake kuna mafuta mazito ya kahawia. Hakuna kiwanda kilichoyaweka mle. Mama yangu alibangua korosho kwa mkono miaka kumi na kitu. Kabla ya kuanza anajipaka majivu viganjani, na bado ilikuwa haisaidii sana. Kidole gumba na cha shahada ngozi ilibabuka, ikapona, ikababuka, mpaka ikawa inang'aa kama plastiki. Alipokwenda kuandikishwa kitambulisho, mashine ilikataa alama za vidole mara nne. Yule kijana akamwambia, "Mama, wewe huna vidole."

Na hayo mafuta ndiyo leo yanayotafutwa duniani kutengeneza rangi, gundi na plastiki za mimea.

#5 BiKirembwe

Na piko je? Binti yangu alipambwa piko Ijumaa kwenye harusi ya dada yake. Jumatatu mkono umevimba, malengelenge yamefuata mchoro wenyewe, jani kwa jani, kikonyo kwa kikonyo. Miaka sita leo, ukimuweka kwenye jua unaliona ua jeupe mkononi. Na hina si jani la mti?

#6 DaktariMtoro

Pole sana Bi Kirembwe, ila tusiisingizie hina. Hina yenyewe inatoa rangi ya chungwa inayokolea kuwa nyekundu ya udongo, na mara chache sana inaleta mzio. Piko nyeusi ni rangi ya nywele. Ndani yake kuna parafenilinidiamini, kwa kifupi PPD. Ulaya wanairuhusu kwenye rangi ya nywele tu, isizidi asilimia 2 ikishachanganywa, na kuipaka kwenye ngozi ni marufuku. Huku kwetu inapakwa mpaka watoto wa miaka minne siku ya Idi.

Swali dogo: huyo binti alikuwa ameshawahi kupakwa piko kabla ya harusi?

#7 BiKirembwe

Kila Idi, mwanangu. Mbona?

#8 DaktariMtoro

Ndiyo sababu ilimtoka kwa siku tatu. Mara ya kwanza mwili unajifunza, unachukua kama siku 10 hadi 14, na mara nyingi huoni kitu. Ukishajifunza hausahau. Akigusa tena, siku 1 hadi 3 moto umewaka. Na kuanzia sasa asipake rangi nyeusi ya nywele maisha yake yote, hata ile ya pakiti dukani. Mwambie leo, tafadhali.

#9 Mzee_wa_Shamba

Naona mnanisaidia hoja. PPD ni kemikali ya kiwandani. Nilisema nini?

#10 Mkoroshoni

Na korosho ni ya kiwanda gani, mzee?

#11 Mkemia_Moro

Nimesoma kimya kimya, sasa naomba nitenganishe vitu ambavyo uzi huu unavisokota pamoja.

Kuna mwasho na kuna mzio. Mwasho ni ngozi kuunguzwa au kusuguliwa: kostiki, sabuni kali, jasho, joto. Kitu kikali kikizidi kinampata yeyote, hata mara ya kwanza. Mzio ni kinga ya mwili kukitambua kitu na kukiwekea kinyongo. Mwasho ni ugomvi wa barabarani, mzio ni ugomvi wa ukoo.

Ili kemikali ilete mzio wa ngozi lazima iwe ndogo kiasi cha kupenya, kwa kawaida chini ya daltoni 500 (kipimo cha uzito wa molekuli), halafu ijing'ang'anize kwenye protini za ngozi. Protini ikishavaa koti la mtu mwingine, mwili unaiona ni mgeni. Seli za ngozi zinapiga kelele, kisha seli zinazofanya doria, zinaitwa seli za dendriti, zinapeleka habari kwenye tezi za limfu. Huko ndiko askari wanakofundishwa.

Sasa nyuzi za mgomba ni selulosi. Molekuli ya selulosi ni jitu, haipenyi popote. Wanga wa mahindi hivyo hivyo. Hata plastiki ya asidi ya laktiki inayotengenezwa kwa mahindi, ikivunjika inarudi kuwa asidi ya laktiki, na hiyo maabara wanaitumia kama mfano wa kitu ambacho HAKILETI mzio. Kwa hiyo mume ana nusu ya ukweli. Mafuta ya korosho ni madogo, yanapenya, na yana ndugu Marekani kwenye mmea unaowatesa watu wanaotembea porini. Hata utomvu wa embe ni wa ukoo huo. Nani hapa hajawahi kubabuka mdomo msimu wa maembe?

Kwa hiyo swali la kuoza au kutooza halikusaidii, MamaMgomba. Uliza ndani yake kuna kemikali gani ndogo zinazoweza kutoka. Na wewe mwenyewe umetuambia shimoni kulibaki nini.

#12 Kipara_Mbezi

Gundi! Nimepata maksi ngapi, mwalimu?

#13 Mtanga_Hamburg

Salaam wote. Nimefanya kazi ya ufundi maabara huku miaka saba, vipimo hivi nimevishika kwa mikono, kwa hiyo nijibu swali la "wanampima nani".

Wamechukua ile njia aliyoieleza Mkemia na kuikata vipande, kila kipande wakakitafutia kipimo chake.

Cha kwanza hakina hata kitu kilicho hai. Unachukua peptidi mbili, yaani vipande vifupi vya protini vilivyotengenezwa, kimoja kina sisteini kingine lisini. Unachanganya na kemikali yako, unaacha saa 24 kwenye nyuzi joto 25, halafu mashine inapima peptidi ngapi zimepotea. Wastani ukizidi asilimia 6.38, kemikali inahesabiwa kuwa inang'ang'ania protini. Kinaitwa DPRA.

Cha pili ni seli za ngozi ya binadamu zilizopandikizwa jeni ya kimulimuli. Sitanii. Seli ikistuka inawasha kimeng'enya kilekile kinachomfanya mdudu yule ang'ae. Unaimwagia kemikali, unasubiri saa 48, unaiweka kwenye mashine ya kupima mwanga. Mwanga ukiongezeka mara 1.5 au zaidi huku seli zikiwa bado hai, ni ndiyo. Siku ya kwanza niliomba wazime taa nione kwa macho. Walinicheka, mwanga wenyewe ni hafifu, jicho halioni.

Cha tatu kinaitwa h-CLAT, kinaangalia zile seli za doria. Wanatumia seli za damu, wanaziwekea kemikali saa 24, wanaangalia kama zimetoa bendera mbili usoni, yaani protini za CD86 na CD54.

Vipimo hivi viliingia kwenye miongozo ya OECD, umoja wa nchi unaopanga namna ya kupima kemikali, mwaka 2015 na 2016. Kimoja peke yake hakiaminiki vya kutosha. Mwaka 2021 ukatoka mwongozo namba 497 unaosema namna ya kuviunganisha, na njia mojawapo ni rahisi kama kura ya wajumbe: viwili kati ya vitatu vikikubaliana, shauri limekwisha.

#14 Njoki_Thika

Hapa Kenya pia tuko na wasichana wanatengeneza sodo za aina hiyo, na Uganda kuna MakaPads za mafunjo na karatasi kuukuu, zilibuniwa na Profesa Moses Musaazi wa Makerere. Kwa hivyo mama usife moyo.

Lakini ujue huyo mnunuzi hana hiari. Ulaya walipiga marufuku kupima kwa wanyama tangu 2013. Ni sheria.

#15 DaktariMtoro

Njoki, ile sheria ya Machi 2013 ni ya vipodozi na viambato vyake. Pedi kwa Ulaya si kipodozi, ni bidhaa ya kawaida ya mtumiaji, wajibu ni iwe salama. Mnunuzi kakataa wanyama kwa msimamo wake au kwa ajili ya lebo anayotaka kubandika. Ila ukivuka bahari kwenda Marekani, pedi inahesabiwa kifaa cha tiba na FDA, mamlaka yao ya chakula na dawa, wanakuuliza habari ya mzio na mwasho. Na kwenye vifaa vya tiba, mpaka leo mara nyingi anayelipa bili ni simbilisi.

#16 Njoki_Thika

Haya nimesahihishwa, asante daktari. Simbilisi ni nani?

#17 Kipara_Mbezi

Kale kanyama kasiko na mkia, kanalia wii wii. Njombe ni kitoweo. Kumbe Ulaya ni mtaalamu wa ngozi!

#18 Mtanga_Hamburg

Kwa kipimo cha simbilisi, kile cha Magnusson na Kligman cha 1969, unahitaji wanyama wasiopungua 10 wa kupimwa na 5 wa kulinganishia. Unawachoma sindano, unawabandika, unasubiri wiki mbili, unawabandika tena, unaangalia wekundu kwa macho. Baadaye kikaja cha panya: unapaka masikio siku tatu mfululizo, siku ya sita unamdunga kitu chenye mionzi, saa tano baadaye unamuua na kutoa tezi za limfu za karibu na sikio. Tezi ni ndogo kama punje ya ulezi. Nimeifanya mara mbili tu nikaomba kuhamishwa idara. Sisemi zaidi.

#19 Mzee_wa_Shamba

Panya kaliwa na paka miaka yote hamjalia. Afadhali afe panya kuliko mtoto wa mtu apate upele. Seli za kwenye kikombe zitajuaje ngozi ya mtu?

#20 Mkemia_Moro

Swali zuri mzee, ila ligeuze: panya atajuaje ngozi ya mtu?

Chukua nikeli, ile ya vifungo vya suruali na hereni za bei rahisi. Ni miongoni mwa vitu vinavyoongoza kwa mzio wa ngozi kwa binadamu. Kipimo cha panya kinasema haina shida. Sababu ilipatikana: kuna kipokezi kwenye seli zetu, TLR4, chenye sehemu ambayo nikeli inaishika. Cha panya hakina sehemu hiyo. Upande wa pili, ile kemikali ya povu kwenye sabuni na shampuu, sodiamu laurili salfeti, kipimo cha panya kinaipa kosa la mzio wakati kwa binadamu inawasha tu.

Walipolinganisha na data za watu wenyewe, ule muungano wa vipimo wa mwongozo 497 haukuwa nyuma ya panya.

#21 Mzee_wa_Shamba

Hapo kidogo umenigusa. Kidogo.

#22 Mshika_Kalamu

Wakati mnapongezana, mjue hata hiyo "bila wanyama" ina walakini. Seli za maabara zinalishwa seramu ya damu ya kijusi cha ndama. Ng'ombe mwenye mimba akichinjwa, damu inavutwa kwa yule aliye tumboni. Vipimo namba mbili na tatu vya Mtanga vyote viwili vinaitumia. Na zile seli za h-CLAT, zinaitwa THP-1, zilitoka kwa mtoto wa kiume wa mwaka mmoja huko Japani aliyekuwa na saratani ya damu. Zinaendelea kugawanyika tangu 1980 au kabla. Mnunuzi wa MamaMgomba anajua?

#23 Mtanga_Hamburg

Ni kweli, sibishi. Kuna maabara zinajaribu chakula cha seli kisicho na ndama, ila walio wengi bado. Kipimo cha peptidi ndicho kisafi kabisa kwa maana hiyo.

#24 BiKirembwe

Mtoto wa watu. Mola amrehemu kama hayupo.

#25 MamaMgomba

Nashukuru wote, nimesoma mpaka mume kaniuliza nacheka nini. Nimeelewa hivi: nipeleke pedi maabara, wasage, waweke kwenye peptidi na kimulimuli, nipate jibu. Sawa?

#26 Mtanga_Hamburg

Hapana mama, na hapa ndipo wengi wanapotupa hela.

Vipimo hivi vilitengenezwa kwa kemikali moja inayojulikana jina na uzito wa molekuli. Kile cha peptidi unachanganya kwa uwiano wa molekuli, 1 kwa 10 na 1 kwa 50. Pedi ina uzito gani wa molekuli? Haipo. Kitu kigumu hakiyeyuki, seli hazikioni. Kwa hiyo wanaloweka kwanza: kipande cha pedi kwenye maji ya chumvi, kingine kwenye mafuta, mara nyingi saa 72 kwenye nyuzi joto 37, wanapima kile kilichotoka. Kilichotoka kinaweza kuwa kidogo mno hadi kipimo kiseme "hakuna" wakati kipo. Na vitu vinavyopenda mafuta sana vinaisumbua h-CLAT, jibu lake la "hapana" kwa vitu hivyo halitegemewi.

Anza na karatasi na kalamu. Andika kila kitu kinachoingia kwenye pedi, kila kimoja na mtengenezaji wake. OECD wana programu ya bure, QSAR Toolbox, unaingiza muundo wa kemikali inakuambia ina ndugu gani wenye rekodi mbaya. Unalipia maabara kwa kile tu kilichobaki na mashaka.

#27 MamaMgomba

Vitu viko saba. Nyuzi, kostiki, kitambaa, nailoni ya mahindi, gundi, uzi wa kushonea, na matone ya mafuta ya mchaichai ya kunukia. Hiyo ya mwisho nilisahau kuandika.

Halafu nimerudi kuwaangalia wale watatu vizuri, na mhudumu wa zahanati tulikuwa naye. Upele hauko katikati. Uko pembeni, mistari miwili, kulia na kushoto, kama umepigwa kwa rula. Upana wa kidole kidogo. Mmoja ulimtoka siku ya pili, wawili mwezi wa pili wa kutumia.

#28 Mkoroshoni

Gundi. Nafunga kesi. Iko pembeni, haikuoza, na upele uko pembeni.

#29 DaktariMtoro

Usifunge. Pembeni ndipo pia paja linaposuguana na nailoni ilipokunjwa, na jasho linajikusanya hapo. Milima ya Kibosho hiyo, mtu anapanda na kushuka na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani. Wa siku ya pili kwangu mimi ni mwasho mpaka ithibitike vingine.

#30 Mkemia_Moro

Na kostiki je? Wanasuuza mara ngapi? MamaMgomba, nunua zile karatasi za kupima pH (7 ni kama maji, ikipanda ni ukali wa kostiki), loweka pedi kwenye maji masafi nusu saa, chovya. Ikisoma 9 au 10, umepata mhalifu bila kwenda Hamburg. Ingawa kostiki ingeunguza katikati pia, si pembeni tu. Hapo najipinga mwenyewe.

#31 Njoki_Thika

Mbona hakuna anayeuliza hayo mafuta ya mchaichai? Mimi hunitoka vipele na sabuni yoyote iliyo na mchaichai.

#32 Mkemia_Moro

Njoki umenishtua, nilipita juu yake. Kwenye mchaichai kuna sitrali, na hiyo ni mleta mzio anayejulikana, anatumika hata kama mfano maabara. Halafu manukato ya mimea mengi yana tabia mbaya: limonini ya maganda ya machungwa ikiwa mbichi haina neno, ikikaa ikapigwa na hewa inabadilika kuwa mleta mzio. Chupa ya mwezi wa kwanza si chupa ya mwezi wa sita.

Mama, matone yanawekwa wapi?

#33 MamaMgomba

Katikati. Pembeni ingelegeza gundi.

#34 Kipara_Mbezi

Kesi imerudi polisi.

#35 SalmaMuscat

Nawasoma kwa mbali huku Oman. Mimi nina aleji ya mpira, glavu za mpira wa mti zinanivimbisha hapo hapo, na nikila ndizi midomo inawasha. Daktari alisema protini za mpira na za ndizi zinafanana. Je, mgomba hauwezi kuwa na hizo protini? Ule utomvu wake unaotia doa nguo usiotoka!

#36 DaktariMtoro

Salma hoja yako ni ya kweli ila ni aleji ya aina nyingine. Hiyo ya dakika chache, kuvimba, kupumua kwa shida, haigunduliwi na kimulimuli wala peptidi. Vyote tulivyotaja hapa vinatafuta ule mzio wa polepole. Karatasi ya maabara ikisema "salama" haitakuwa imesema lolote juu yako. Kama protini zinabaki baada ya kuchemshwa na kostiki ni jambo la kupimwa peke yake.

Na glavu zina yote mawili, protini za mti na kemikali zinazotiwa kiwandani kukaza mpira.

#37 Mshika_Kalamu

Subirini. Kemikali za kukaza mpira. Wanawake hao wanavaa chupi gani? Lastiki ya paja inapita wapi? Kulia na kushoto, mistari miwili, upana wa kidole kidogo.

#38 Mkoroshoni

Aisee.

#39 Mzee_wa_Shamba

Sasa mmefika hadi chupi za wake za watu. Mods wako wapi?

#40 Mtanga_Hamburg

Mshika Kalamu ana hoja. Kuna kemikali ya mpira, merkaptobenzothiazoli, ipo kwenye orodha ya kujipima ya h-CLAT, maabara inayoanza lazima iitambue kuwa mleta mzio ndipo iruhusiwe kuendelea. Lakini kama ni lastiki, wangekuwa na upele kabla ya pedi. Labda pedi ikiongeza jasho, jasho linaichota kutoka kwenye lastiki... Sijui, nawaza kwa sauti.

Hapo maabara yangu haikusaidii. Hao watatu wanahitaji kubandikwa vipande mgongoni saa 48 na kusomwa na mtu wa ngozi, kila kiambato kipande chake. Mna bahati, kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kipo hapo hapo Moshi, hospitali ya KCMC. Waulizeni kwanza kabla ya kulipa mzungu.

#41 MamaMgomba

Mrejesho baada ya wiki tano, samahani kwa ukimya, ilikuwa msimu wa kahawa.

Karatasi ya pH ilisoma kati ya 8 na 9. Sasa tunasuuza mara tano na mara ya mwisho tunatia ndimu. Mchaichai tumeacha. Muuza gundi nimempigia mara tatu kumuuliza ina nini, anasema ni siri ya biashara, mara ya nne hakupokea. Kwa hiyo tumeshona pembeni kwa uzi bila gundi, tukawapa wale watatu pedi mpya. Wa siku ya pili amepona kabisa. Mmoja wa wale wawili umemrudia palepale, mistari miwili, ingawa mwembamba kidogo. Wa tatu amekataa kujaribu tena na simlaumu. Wawili hao wana miadi KCMC mwezi ujao, na nimewaambia wabebe na chupi zao.

Mnunuzi nimemwandikia orodha ya vitu vilivyobaki. Amejibu kwamba anaisoma.

#42 Mkemia_Moro

Mmebadilisha vitu vitatu kwa mpigo, sasa hatutajua kipi kilimponya yule wa kwanza! Mngeondoa kimoja kimoja.

#43 MamaMgomba

Mwalimu, yeye anataka kupona, hataki kujua.

#44 Kipara_Mbezi

Na mume? Tuliagiza avae.

#45 MamaMgomba

Alivaa juzi kutwa nzima kwenye bodaboda, kwa ubishi. Jioni kasema inawasha. Pembeni.

#46 Mzee_wa_Shamba

Hiyo ni fangasi.